Ghorofa la zamani Kinondoni limepakwa rangi mpya, tununue?

Swali: "Shikamoo mhandisi. Mimi na kaka zangu wawili tumemaliza mirathi ya mzee, tumeuza viwanja vyake hapa Dodoma, tunataka hela isiishe mikononi. Dalali ametuonyesha ghorofa Kinondoni, ya chini na tatu za juu, fleti 8, mwenyewe anasema lilijengwa 1984, anataka milioni 950. Wapangaji wamejaa, kila fleti laki 7 kwa mwezi. Limepakwa rangi juzi tu, linapendeza kwa kweli. Nimeona ufa mmoja jikoni, fleti ya ghorofa ya kwanza. Dalali anasema kuna mteja mwingine analeta hela wiki ijayo. Tukague nini kabla ya kulipa?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Nimesoma swali lako mara mbili, nitakujibu kirefu maana hela ya mirathi ikipotea haipotei peke yake, inaondoka na undugu, nimeshaona familia zaidi ya moja haziongei kwa sababu ya jengo.

Kwanza hiyo haraka. Msitoe hata shilingi ya kushikia nafasi mpaka mambo ninayoyaeleza hapa chini yafanyike. Huyo mteja wa wiki ijayo kila dalali anaye. Kama kweli yupo na amelichukua basi limeenda, majengo ya miaka ile Kinondoni, Magomeni, Ilala, Upanga yapo na yanaendelea kuuzwa kila siku. Muuzaji anayekataa mnunuzi asije na fundi wake kupima amekwishakujibu, hata ukaguzi haujaanza.

Sasa nije kwenye neno lililonishtua kwenye swali lako, na sio ufa. Ni hilo "limepakwa rangi juzi". Mtu anayeuza jengo la miaka arobaini akiwa na wapangaji wamejaa, kwa nini apake rangi? Inawezekana kabisa anataka livutie tu, hakuna dhambi hapo, gari la kuuza nalo linaoshwa. Lakini rangi mpya inafuta kitu kimoja ambacho mimi nikiingia kwenye jengo ndo naanza kukitafuta, alama za maji. Ile michirizi ya kahawia kwenye dari, ule unga mweupe unaochanua ukutani, plasta iliyovimba chini ya dirisha, ukungu nyuma ya kabati. Zile alama ndo historia ya jengo, na mwenzio ameifuta.

Kwa hiyo mkienda msikague kuta, kagueni maji. Yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanatuama wapi, yanatokea wapi. Jengo la zamani Dar haliuawi na miaka, linauawa na maji na hii chumvi ya bahari, na karibu kila tatizo kubwa nililowahi kukuta ukilifuata nyuma unakuta mwanzo wake ni maji ambayo mtu aliyaona akayaacha.

Nikueleze inavyotokea ili ukiwa pale ujue unachokiangalia. Ndani ya zege kuna nondo. Saruji ikiwa nzima ina ile asili yake ya ualkali na inailinda nondo isishike kutu, ndo maana unaweza kuvunja zege la zamani lililotengenezwa vizuri ukakuta nondo ya bluu kama imetoka dukani jana. Sasa miaka inavyoenda hewa ya kaboni inapenya taratibu kutoka nje kwenda ndani inaua ule ualkali, na ukiwa karibu na bahari chumvi nayo inapenya, na hiyo haina subira, inaweza kuanzisha kutu hata kabla hewa haijafika. Nondo ikianza kutu inavimba, kutu inachukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilicholiwa, zege halina pa kwenda linapasuka. Ufa ukishafunguka maji yanaingia vizuri zaidi, kutu inaongezeka, vipande vinaanza kudondoka. Kutoka Kinondoni mpaka baharini ni karibu sana, upepo wa jioni unaofurahia pale barazani unakuja na chumvi yake.

Na huo mwaka 1984 una maana yake. Wazee wanakumbuka, saruji ilikuwa ya kibali, unaandika barua unasubiri mgao, nondo vilevile. Waliojenga kipindi kile wapo waliojenga kwa uaminifu kabisa, jengo likachukua miaka kuisha lakini likaisha vizuri, na wapo waliopunguza saruji ili mifuko ifike mbali zaidi, wengine wakachukua mchanga wa ufukweni kwa sababu ulikuwa karibu na bure. Mchanga wa bahari kwenye zege maana yake chumvi imeshakaa ndani tangu siku ya kwanza. Kwa macho huwezi kujua jengo lako liko kundi gani, inabidi lipimwe.

Kitu rahisi kuliko vyote, na hiki unaweza kukifanya mwenyewe, chukua nyundo ndogo, ile ya fundi umeme inatosha, nenda uvungu wa baraza, maana baraza ndo zinaoza mwanzo, zinanyeshewa juu na chini. Gonga taratibu ukisogea kama unavyogonga papai sokoni. Zege zima linajibu kwa sauti kavu, ko, ko, ko, nyundo inarudi mkononi. Ukifika mahali sauti inakuwa nzito ya uwazi, bu, bu, pale zege limeshaachana na nondo, limebaki limeshikiliwa na plasta na rangi. Kuna jengo moja Upanga nilipanda ngazi nikagonga uvungu wa baraza ya ghorofa ya pili, lilikuwa limepakwa rangi ya krimu safi kabisa, gonga la tatu kikashuka kipande kama sahani ya wali, kizito, kikavunjika chini kwenye sementi. Pale kilipotoka nondo ilikuwa ya milimita 12 kwenye mchoro, nikaishika kwa vidole ganda la kutu likabanduka kama magamba ya samaki, chuma kilichobaki ni chembamba kama penseli. Na juu ya baraza ile kulikuwa na mama ameanika nguo na mtoto yuko kwenye kigari chake. Sijaisahau ile siku. Muuzaji alikuwa haongopi aliposema hana nyufa, nyufa zilikuwa chini ya skimu, lile tabaka laini linalopakwa ukutani kabla ya rangi.

Baada ya nyundo ndo unamwita mhandisi wa miundo, na naomba awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), namba yake ya usajili muulize hatachukia. Msimtumie fundi mjenzi hata kama ni mzuri kiasi gani, wala msimtumie mhandisi aliyeletwa na dalali. Yeye atakuja na nyundo ya Schmidt inayopima ugumu wa uso wa zege, hiyo inatoa picha ya haraka lakini zege la zamani uso wake huwa mgumu kuliko ndani, kwa hiyo msiridhike na hiyo peke yake. Mwambie achukue na sampuli za silinda, anatoboa zege kwa mashine anatoa kipande kama kopo la maziwa linaenda kuvunjwa maabara, afu tundu linazibwa. Sampuli tatu nne, kutoka nguzo za chini na slabu sehemu tofauti, mhandisi mwenyewe atajua aguse wapi asiguse wapi. Na kuna kipimo kimoja cha bei ndogo sana ambacho nakipenda, anavunja pembe ndogo ya zege anapulizia dawa ya maabara inayoitwa fenolftalini palepale kwenye mvunjiko mpya. Zege lenye uhai wake linageuka rangi ya zambarau iliyokoza kama juisi ya bitiruti, lililokufa linabaki vilevile kijivu. Ukiona kijivu imeingia sentimita moja na nondo iko sentimita tatu ndani, bado kuna muda. Ukiona kijivu imevuka nondo, basi pale ulinzi umekwisha na kutu ni suala la maji kufika tu. Chumvi hiyo dawa haioni, kwa hiyo unga wa zege nao upelekwe maabara wapime kloraidi.

Tuje kwenye ufa wako wa jikoni. Hujaniambia umekaaje, na ufa unasoma mkao wake kabla ya ukubwa. Ukiwa mlalo, umenyooka pale ukuta wa tofali unapokutana na bimu ya juu, mara nyingi ni jua na baridi tu, tofali na zege havitanuki sawa, haunisumbui sana. Ukiwa wa kukatiza kama ngazi kutoka kona ya dirisha kwenda chini, hapo nauliza msingi umetitia upande mmoja? Na ukiwa wima unafuata nguzo, au umenyooka chini ya bimu na una madoa ya kahawia, hiyo ni nondo inavimba ndani na huo ndo mbaya kuliko wote hata kama ni mwembamba kama unywele. Ukirudi pale chukua kadi yako ya benki, ina unene wa kama robo tatu ya milimita, ijaribu kwenye ufa. Ikiingia kwa urahisi piga picha, andika na penseli pembeni ya ufa tarehe na mahali ulipoishia. Mafundi wa zamani walikuwa wanabandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa plasta, kioo kikikatika wanajua ufa unatembea. Njia ile bado inafanya kazi na ndo maana nasema msikubali kununua ndani ya wiki. Ufa uliosimama na ufa unaotembea vinafanana kabisa siku ya kwanza.

Halafu pandeni juu ya paa. Watu wengi wakienda kununua wanaangalia sebule na jiko la mfano wanashuka, paa hawafiki, wanaambiwa ufunguo anao mlinzi na mlinzi ameenda kula. Msubirini amalize kula. Juu pale angalieni kama slabu ina mteremko wa kupeleka maji kwenye mifereji au yanatuama, utaona duara jeusi la uchafu mahali yanapokaukia. Kama limeezekwa, angalia kama ni yale mabati ya zamani ya asbestosi, ya kijivu, mazito, ya mawimbi makubwa, maana kuyatoa kunahitaji watu wanaojua kazi hiyo na ni gharama yake peke yake, sio ya kumpa kijana na msumeno. Na hesabuni simtanki. Jengo la 1984 lilichorwa na tanki moja au mawili, baadaye mgao wa maji ukawa mkali kila mpangaji akapandisha lake. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo simtanki nane za lita 2,000 zikijaa ni tani 16, karibu sawa na kupaki IST kumi na tano juu ya paa. Je zimekaa juu ya nguzo na kuta zinazobeba, au katikati ya slabu kwa sababu pale ndo palikuwa na nafasi? Shuka fleti ya juu angalia dari chini ya matanki hayo.

Hapa niseme kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimkagulia mzee mmoja jengo mwezi wa nane, jua kali, kila kitu kikavu, nikaandika ripoti nzuri, paa nikaandika liko sawa. Masika yalipofika akanipigia simu saa kumi usiku, fleti mbili za juu maji yanashuka kwenye taa. Hakunitukana, na hilo lilinichoma zaidi. Tangu siku ile sisaini ripoti ya paa ambalo sijaliona likiwa limeloa. Kama mnaweza, nendeni mvua inanyesha au kesho yake asubuhi, masika au vuli. Kama ni kiangazi basi zibeni mifereji ya paa, mwageni maji yasimame sentimita mbili tatu tu, kwa sehemu sehemu, mhandisi akiwepo na akikubali slabu inaweza, muyaache masaa 24 afu muangalie chini.

Mabomba nitasema kwa ufupi. Ya miaka ile ni ya chuma, yanaoza kutokea ndani, kwa nje yanaonekana yako sawa kabisa lakini tundu limebaki la kupitisha kalamu. Fungueni bomba za fleti za juu na za chini kwa wakati mmoja, na mtu mwingine avute maji chooni, muone presha inaangukaje na maji ya kwanza yana rangi gani asubuhi. Ulizeni kama mfumo ulishabadilishwa kuwa PPR, yale mabomba ya plastiki, na kama ulibadilishwa wote au vipande tu. Upande wa majitaka ndo muwe wakali zaidi. Jengo limeunganishwa na mfumo wa DAWASA au lina karo? Kama ni karo, lilichimbwa kwa familia nane za mwaka 1984 zisizokuwa na mashine za kufulia. Muulize mlinzi, sio mwenye jengo, gari la kunyonya linakuja mara ngapi. Akikwambia kila mwezi, basi shimo la kunywea limejaa au maji ya ardhini yako juu, na mtakuwa mnalipia hilo gari milele. Fungueni chemba zote, chemba iliyofukiwa na pevingi iulizieni. Nuseni ngazi za chini.

Umeme, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA apime ethi na afungue bodi. Nyaya za zamani ukizikunja ganda linavunjika kama biskuti, hizo hazina mjadala ni kubadilisha jengo zima, maana fleti iliyotandazwa kwa ajili ya taa, pasi na redio leo ina AC mbili, jiko la umeme na hita ya kuogea. Kama fleti zote ziko kwenye mita moja ya LUKU na mwenye nyumba anawagawia kwa mita ndogo za dukani, jueni mtarithi na ugomvi wake.

Msingi na kilichoongezwa. Hapa nitulie kidogo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo watu wakiwa ndani wanafanya biashara, zaidi ya watu 20 walifariki, na taarifa za siku zile zilitaja kazi ya kuchimba na kupanua vyumba vya chini. Lile halikuwa jengo linaloendelea kujengwa, lilikuwa linatumika, kama hilo lenu. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili, jengo hili limeguswa nini tangu lilipoisha? Ghorofa ya tatu ilikuwepo kwenye ramani ya kwanza au iliongezwa? Chini kuna fremu za maduka, ukuta ulivunjwa kuzipata? Kuna nguzo iliyochongwa kupitisha mlango wa geti? Jirani anachimba msingi wa ghorofa kumi ukutani kwenu? Nendeni manispaa mkaombe kuona ramani iliyopitishwa na kibali cha ujenzi, mhesabu ghorofa kwenye karatasi afu mhesabu kwa macho. Zikipishana, mhandisi achimbe shimo pembeni ya msingi sehemu mbili aone kina na ukubwa wake na hali ya udongo. Kinondoni sio sehemu moja, kuna palipo juu pa mchanga na kuna panaposhuka kuelekea bonde la Msimbazi, na huko chini udongo na maji ya mafuriko ni habari nyingine.

Wapangaji nendeni muongee nao bila dalali. Jumamosi asubuhi, mkiwa wawili tu, na kwa adabu, maana ni nyumba zao. Mama wa ghorofa ya tatu atakwambia ndani ya dakika tano mambo ambayo mimi nitatumia siku mbili kuyatafuta, wapi panavuja, lini dari ilidondoka, nani aliziba, maji yanatoka siku zipi. Muulizeni analipa kiasi gani kweli na kwa mkataba wa miezi mingapi. Nimeshakuta jengo lina wapangaji wamejaa kumbe fleti tatu ni ndugu wa mwenye nyumba wamehamia mwezi huo. Ombeni mikataba na miamala ya benki ya mwaka mzima, sio orodha iliyochapwa jana. Na kama watu wameshalipa kodi ya miezi sita au mwaka mbele, hiyo hela imeshaliwa na muuzaji, nyie mtaingia na kukaa miezi bila kupokea kitu, kwa hiyo ikatwe kwenye bei. Mkitoka hapo pitieni kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, muulize jengo ni la nani na lina kesi gani.

Karatasi sio fani yangu, tafuteni wakili, lakini haya nimeyaona yakiumiza watu. Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati, pale inaonekana kama kuna rehani ya benki au zuio. Angalieni hati ilitolewa kwa miaka mingapi, 33, 66 au 99, na ilianza lini. Kama ni ya miaka 33 kuanzia 1984, ilikwisha 2017, na mnaweza kuwa mnanunua jengo zuri lililokaa juu ya hati iliyokufa. Pango la ardhi linadaiwa miaka mingapi? Mwenza wake ameridhia kwa maandishi? Kama anayeuza ni mtoto wa marehemu, barua ya usimamizi wa mirathi iko wapi, hili nyie mnalielewa kuliko mimi. Na kwa Dar kuna jambo la ziada, mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, yakaenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa, kwa hiyo ukikutana na ghorofa kongwe zaidi ya hilo, hasa katikati ya mji na Upanga, hakikisha anayekuuzia ni mmiliki na sio mpangaji wa siku nyingi anayejiona mmiliki. Angalieni pia kama halijaingia hifadhi ya barabara.

Sasa hesabu, maana mmesema mnataka hela izae. Fleti 8 kwa laki 7 ni milioni 5.6 kwa mwezi, milioni 67.2 kwa mwaka. Ukigawa kwa 950 unapata asilimia 7, na hiyo ndo namba dalali anayoiimba. Mimi napiga hivi, kwa makadirio ya kawaida tu. Fleti kukaa wazi na wanaochelewa kulipa, toa milioni 5.4. Kodi ya TRA weka asilimia 10 ya pango, milioni 6.7, mhasibu wenu atawapigia hesabu kamili. Mlinzi na msimamizi, laki 3 kila mmoja, milioni 7.2. Umeme wa ngazi na pampu, taka, gari la kunyonya, milioni 3. Matengenezo ya kila mwaka, na kwa jengo la umri huu msiweke chini ya asilimia 10, milioni 6.7. Zinabaki milioni 38.2. Hiyo ni asilimia 4 ya bei. Na bado hamjagusa jengo. Tuseme ukaguzi umesema baraza zote zikarabatiwe, paa, mabomba na nyaya, milioni 140, ongeza ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, milioni 9.5, jumla mmeweka karibu bilioni 1.1 na mnapata asilimia tatu na nusu. Wekeni hiyo pembeni ya riba ya hati fungani za serikali za muda mrefu muangalie wenyewe. Kiwanja chenyewe kitapanda thamani, ni kweli, Kinondoni ardhi haishuki, lakini basi semeni wazi kwamba mnanunua ardhi yenye jengo la kuhudumia, na mlipe bei ya hivyo.

Sisemi msinunue. Zege la 1984 likipimwa likakutwa zima, na uharibifu uko kwenye baraza na mabomba tu, hilo ni jengo la kununua na linaweza kuwalea nyie na watoto wenu, nimesimamia ukarabati wa majengo ya umri huo na yamesimama vizuri. Lakini bei iwe na ukarabati ndani yake. Mkae na muuzaji, muwe na ripoti mezani, kila ukurasa na picha yake, na mkadiriaji majenzi awe ameshaweka bei ya kila kazi, hapo hamuombi punguzo, mnaonyesha gharama. Mthamini aliyesajiliwa naye awape thamani ya ardhi peke yake na ya jengo peke yake. Wakili aandike kwenye mkataba kwamba malipo yanategemea ukaguzi na upekuzi, na sehemu ya hela ibaki mpaka uhamisho ukamilike kwa jina lenu nyote watatu. Na likikutwa nguzo za chini zimekufa, fenolftalini haigeuki rangi, nondo zimeliwa, ondokeni, hata akishusha mpaka milioni 600, maana kuna watu wanalala mle na siku mkisaini mnakuwa ndo wenye dhamana nao.

Kwa wiki hii fanya mawili tu. Mpigie dalali mwambie mnakuja na mhandisi na mnataka ufunguo wa paa na chemba zote zifunguliwe, usikie anajibuje. Na ukifika jikoni kwenye ule ufa weka kadi ya benki pembeni, piga picha kwa karibu na nyingine ya ukuta wote ili nione unaelekea wapi, andika tarehe ukutani kwa penseli, unitumie. Kama una doa la kahawia hata dogo nitakwambia uanze na sampuli za upande huo.